Mti Usiolala

Miaka minne niko nao kwenye ndoo ya rangi,
lita ishirini, barazani Tabata Kimanga,
mtufaa wangu.
Majani unatoa. Hauna choyo cha majani.
Ua hata moja, hapana.
Nimeumwagilia, nimeubembeleza, nimeutukana;
jirani akauliza huo ni mpera wa wapi.

Leo kikao cha kikoba, Mtaa wa Narung'ombe,
ghorofa ya tatu, juu ya duka la mabeseni.
Feni inazungusha joto lilelile kama umbea.
Watu saba, milioni arobaini na moja,
na ramani ya nchi imelazwa mezani,
pembe zake tumezikandamiza kwa epo nne
za mia saba saba, zenye vibandiko,
zilizopanda meli kuja kutuuzia baridi ya watu.

Nasra akaweka kidole Kisarawe.
"Karibu. Ardhi rahisi. Alfajiri unachuma, saa nne uko Buguruni."
Nikamwambia nenda Tabata ukauone mti wangu.
Mtufaa una deni la usingizi, nikasema.
Ukilipwa baridi, mamia ya saa,
unapukutisha, unazima, unasahau;
ukiamka ndipo unapokumbuka maua.
Huku kwetu nani ataulaza?
Julai yenyewe tunaiita baridi kwa adabu tu.

Kimweri akaivuta ramani upande wa Lushoto, kwao,
kila mwamba ngozi.
Akahesabu mita, akahesabu mvua,
akasahau kuhesabu ukungu
na madoa meusi yanayoupenda ukungu.
Salustia, mhasibu, hakutaka milima, alitaka lami:
"Tunda likipondeka njiani, hasara anakula nani?"
Kalamu yake ikateremka kutoka Njombe hadi Ilala,
ikiandika mafuta, ikiandika ushuru, ikiruka mashimo.

Mimi nilikuwa na Makete kifuani tangu asubuhi.
Niliogopa kuitaja kwa sababu mama alikuwepo,
Anjelida Tweve, hisa kumi na mbili,
aliyeshuka kule mwaka wa themanini na tatu na sweta moja
akaapa hatapandisha tena.

Nikaitaja.

Kimya. Chini mtu anabishania bei ya beseni.
"Baridi ipo," mama akasema. "Kule baridi haijawahi kuadimika."
Akachukua epo moja;
ramani ikajikunja kona ya Ziwa Nyasa.
"Ila msipande bondeni. Bonde ni zuri,
udongo mweusi, maji, kila mgeni hulipenda.
Usiku baridi hushuka kama maji, hutuama pale pale,
asubuhi nyasi zinavunjika chini ya unyayo kama glasi.
Sakitu haiulizi ua limefunguka jana au leo.
Nilichunga kondoo humo, peku.
Kila asubuhi nilikuwa nakojolea miguu yangu ipate moto."
Hakuna aliyecheka. Salustia aliacha kuandika.
"Pandeni ubavuni, katikati ya mteremko.
Baridi ipite, iulaze mti, iendelee na safari.
Isihamie."

Kisha kura. Mikono sita juu.
Wake ulibaki mezani, unamenya epo
kwa kisu cha kufungulia maboksi,
ganda moja refu, bila kukatika.
"Hela yangu iende," akasema. "Mimi msiniandike kwenye basi."

Nimerudi Tabata saa tano.
Saluni bado imewaka, kwaya inarudia ubeti uleule,
jenereta ya fundi welding inapiga chafya.
Mti wangu macho,
majani yote wazi kama mtu anayesubiri simu.
Nikauzimia taa ya baraza.
Najua si giza unalolitaka.