Beseni la Bluu

Arobaini ya Ushangi iliangukia Jumamosi ya mvua.
Turubai tukalifunga kwenye mti wa jozi,
meza tano tukaziunga zikawa moja,
na watu themanini wakaketi kunitazama mimi,
mjane, mpishi, mtu wa jikoni,
ambaye tangu darasa la nne
sijasimama mbele ya yeyote ila ng'ombe.

Darasa la nne: shairi la beti tatu juu ya majira ya kuchipua.
Ubeti wa kwanza ulitoka.
Wa pili ulinikwama hapa, penye kifungo cha kola,
kama mfupa wa samaki.
Mwalimu Nazibrola alisubiri, akaangalia saa,
akasema, Keti, Tsiuri.
Nikaketi miaka hamsini na sita.

Kisha nikaolewa na mdomo wa kijiji kizima.
Tamada, ndivyo tumwitavyo mtu yule
aongozaye meza kwa maneno,
glasi kwa glasi, walio hai kisha wafu.
Hakuna harusi iliyofungwa kutoka kwetu hadi Chiatura
bila Ushangi kusimama, mkono kiunoni,
akiwaliza wanaume wenye mabega ya mgodini.
Mkewe nilikula kimya chake. Akirudi nyumbani
alikuwa amebakiwa na "chumvi iko wapi" tu.

Sasa Jumber, shemeji yangu, ameinuka,
amemtaja marehemu, ameitaja mizabibu yake,
kisha, Mungu amsamehe, akanigeukia:
"Na mwenye nyumba naye atasema neno."

Neno. Kana kwamba maneno hutembea mojamoja.
Magoti yakawa ya mtu mwingine.
Nikaona vitu vidogo tu:
tone la divai likitambaa kwenye kitambaa,
nzi juu ya sahani ya maharage,
mjukuu wangu akitafuna mkate, halafu akaacha kutafuna.
Ulimi, soksi kavu.
Nikaishika meza ili nisianguke,
meza ikatetemeka pamoja nami.
Msibani kwetu hatugonganishi glasi, ni mwiko;
zangu zikagongana zenyewe, ti ti ti ti,
na watu themanini wakasikia.

Siku za mwizi ni arobaini, husemwa.
Wangu alikuwa amezipita mara nyingi mno,
analala kooni mwangu, anakula bure.

"Mnazisikia glasi?" nikasema.
Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu nyuma ya mlango.
"Basi hivi ndivyo alivyokuwa Ushangi."

Mtu akacheka, akajuta.

Nikawaambia juu ya beseni.
Beseni la bluu, rangi imebanduka ukingoni,
lililokaa nyuma ya zizi miaka thelathini na minane.
Kabla ya kila harusi, kila ubatizo, kila msiba,
tamada wenu alikwenda huko akainama
akatapika staftahi yake yote,
nami nimemshika paji la uso kama mtoto mwenye homa.
Swali lake lilikuwa lilelile:
"Tsiuri, na maneno yasipokuja?"
Nami, ambaye hayakuwahi kunijia,
nilimfuta mdomo kwa aproni.
Yatakuja, nikamwambia. Nenda, watu wana njaa.

Hapo nikakwama.
Palepale, penye kifungo.
Nikasubiri, na safari hii hakuna aliyeangalia saa.
Mvua ikasema kidogo juu ya turubai.
"Mimi hulewa kwanza," akasema Jumber polepole,
macho kwenye sahani. "Ndiyo maana."
Na mkwe wangu, mwalimu wa hesabu, akatikisa kichwa
kama mtu aliyepata jibu la swali la zamani.

Sikuwa na mwisho. Nikainua glasi:
"Kwa beseni, basi."
Wakasimama wote. Wakanywa hadi tone.

Usiku, vyombo vimeshaoshwa, miguu bado inatikisika,
nikaenda nyuma ya zizi.
Beseni lilikuwa limejaa maji ya mvua.
Nikainama juu yake, nikangoja.
Kilichotoka ni ubeti wa pili,
mzima, na theluji yake inayoyeyuka, na shorewanda wake.
Nikausoma kwa sauti. Ng'ombe akageuza sikio moja.

Wa tatu siukumbuki.