Kadi za Malimi

Anafungua pakiti kwa meno,
ingawa mkasi upo, ingawa vidole vipo.
Ananusa kwanza, macho kafumba,
kama mimi ninavyomnusa sato
nijue amelala barafuni siku ngapi.
Harufu yenyewe naijua: ndala mpya,
rangi ya mtumbwi kabla haijakauka.

Kadi tano kwa buku, dukani kwa Nkwabi, Mabatini:
mazimwi yenye mbawa, makipa, simba wa chuma,
na moja, moja tu kila pakiti, ya mng'ao.
Ukiinamisha huku, kijani; huku, zambarau,
kama mafuta ya injini juu ya maji ya Mirongo.
Hiyo ndiyo analala nayo shavuni.

Nilikwenda famasi. Sikuona haya.
Nikaiweka kadi juu ya kaunta:
Dada Nyanzobe, hii ina sumu?
Akaipindua. Akaikwaruza kwa kucha.
Akacheka kidogo, akaacha.
"Kuna gundi, kuna wino, kuna utando wa kung'arisha.
Walichotia humo hawakukiandika,
na mimi sina mashine ya kukiona.
Asiilambe. Asiichome. Anawe.
Akiishika tu, sidhani.
Lakini 'sidhani' si dawa, dada yangu,
siwezi kukuandikia cheti cha 'sidhani'."

Jirani yangu Kokubanza anasema nimezidi:
watoto wa Igogo wamekunywa maji ya mtaro
wakakua wakawa wanajeshi, sembuse karatasi?
Sawa.
Ila kwetu mng'ao una historia.

Kaka yangu Luhende alikwenda Geita kijana,
akarudi na kichupa kizito kuliko umbo lake,
ndani maji ya fedha yasiyolowesha.
Alitumiminia viganjani. Tukayafukuza kwa kidole,
yakagawanyika, yakaungana,
tukacheka mpaka mama akatufokea,
kwa ajili ya kelele tu,
maana hakuna aliyejua.
Alikuwa akiyachoma kwenye kikaango,
dhahabu ibaki, moshi uende zake.
Moshi haukwenda zake.

Wahenga walionya: si kila king'aacho ni dhahabu.
Juu ya ile ambayo ni dhahabu kweli
hawakusema neno.
Leo Luhende anashika kikombe kwa mikono miwili
na chai bado inamwagika.

Jumamosi nikamkuta Malimi nyuma ya choo na kiberiti.
Kadi aliyonayo mara mbili, anaichoma
aone moto wake una rangi gani.
"Wa kijani, mama! Njoo uone!"
Nilimvuta mkono kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.
Hakulia. Alinitazama
kama unavyomtazama mtu
aliyeona kitu nyuma yako.

Usiku nikamweleza habari ya mjomba wake, yote,
hata kicheko chetu.
"Kwa hiyo kadi ni kama zebaki?"
Si kama zebaki.
"Kwa hiyo si sumu?"
Sikusema hivyo.
"Sasa ni nini?"
Ni kitu ambacho mama yako hakijui.

Akafikiri, kichwa upande.
Akanawa kwa sabuni ya mche mpaka viwikoni,
kama daktari wa Bugando,
akazipanga kadi zake katika kopo la maziwa ya unga,
akafunika. Kisha akafunua tena,
akahesabu, akafunika.

Asubuhi niko Mwaloni.
Dagaa wameanikwa tangu jana,
jua limechomoza na kuwapiga ubavuni,
uwanja mzima unameta,
ukisogea huku, buluu; huku, fedha.
Miaka kumi na miwili nimewageuza kwa reki
bila kuwauliza kitu.

Naweka reki chini.
Nainama. Nanusa.