Vyumba vya Maji

Mulago walituvua pete, hereni, vifungo vya chuma,
hata kipini cha pua nilichotoka nacho Bombo siku ya arusi.
Wakatulaza mmoja mmoja ndani ya mtungi mweupe,
mimi kwanza, maana mimi ndiye mzima.

Mashine iligonga kama fundi bati mwenye deni.
Nikasoma Kul-huwallahu mpaka hesabu ikanipotea.
Sebit, zamu yake, alisikika akicheka mle ndani.
"Leo wamezidiwa kelele," akaniambia alipotoka.
Wao. Wanaomsemesha tangu mwaka wa mtihani wa kidato cha nne,
mimi nikiandika jibu la saba, yeye akimjibu mtu dirishani.

Tumbo moja. Alinitangulia kwa nusu saa,
na mama husema alilia kwa niaba ya wote wawili.

Shangazi Zamzamu alisema ni jini wa kisima cha kambini.
Jirani akasema bangi.
Shehe akamwandikia kombe kwa zafarani, akalinywa hadi tone.
Kombe jingine tulilifunika sisi, mwanaharamu apite.
Miaka kumi na tisa hakupita.
Alikaa, akaomba chai.

Sasa Daktari Tumuhairwe anawasha picha ukutani
na mimi naona ususi wa mama,
ukili juu ya ukili, kawa ya kufunikia wali,
ila hii haina rangi.
"Hapa katikati mna vyumba vya maji. Kila mtu anavyo.
Ukilinganisha wagonjwa mia na wazima mia,
vya wagonjwa huwa vipana kidogo."
Kidogo kiasi gani?
Akanionyesha ukingo wa ukucha.

Nikaitazama picha ya kushoto,
maji meusi yamejikunjua kama popo,
nikamshika ndugu yangu mkono. Pole, Sebit.
Daktari akasoma namba pembeni. Akakohoa.
"Hiyo ni yako, dada."

Feni ilizunguka.
Sebit akanibana vidole. "Pole," akasema,
wala hakuwa anatania.

Daktari akaeleza: ni wastani, na wastani ni wa umati;
yeye hajawahi kumpokea mgonjwa aitwaye Wastani.
Picha haimfungi mtu, wala haimwachii.
Nikaitika. Nilikuwa nikijipapasa kisogo.

Mama, tulipomweleza, hakuinua macho kwenye ukindu.
"Kawa mbili za mkono mmoja hazijawahi kulingana," akasema,
akauma uzi,
kisha akauliza kama huko Mulago walitupa chakula.

Usiku, ukutani, bado nawasikia. Yaani, namsikia yeye.
Mara nyingine natega sikio kwangu mwenyewe.

Asubuhi namhesabia vidonge viwili kiganjani.
Siku hizi, kabla hajameza, ananitazama kipaji cha uso,
anafikiri,
ananisogezea kimoja.
Nakataa. Anameza.
Kesho atanipa tena.