Damu ya Bibi Harusi

Kondoo wetu wa maabara anaitwa Bibi Harusi,
kwa weupe wake, na kwa namna anavyojivuta
tukimtoa bandani.
Juni, Makete. Umande umeganda kwenye majani ya viazi.
Mimi nashika shingo, Luvanda anashika sindano.
"Samahani, mama," namwambia. Sijui kwa nini.
Damu yake ina joto kuliko vidole vyangu.

Naitikisa na shanga za kioo isigande,
naimimina kwenye uji wa mwani uliopoa kiasi,
mwani wa bahari ambayo Luvanda hajawahi kuiona.
Sahani ishirini, nyekundu, zinatulia.
Huu ndio mtego.

Ninayemtega hana miguu.
Hutembea kwa chafya, kwa kijiko cha uji kinachozunguka,
kwa watoto wanne chini ya blanketi moja.
Chini ya hadubini, akishavishwa zambarau,
ni vidoto vilivyoshikana mikono, mkufu mfupi;
mtu angetamani kuutundika sikioni.

Ni mwizi aliyevaa sare ya mgambo.
Koti lake kalishona kwa utelezi uleule
uliomo katika miili yetu; walinzi wanampigia saluti, anapita.
Chini ya koti ana manyoya,
na manyoya hayo yana sura ya nyama ya moyo.
Msiba unaanzia hapo:
walinzi wakishamjua, wakishamuua,
wanaendelea kumwona
pale asipokuwapo.

Rabeka Chaula alikuwa na miaka tisa.
Koo lilimuuma siku nne. Wakamkata kimeo.
Siku ya tano akacheka, akaenda kuchimba viazi,
na nyumbani wakakisifu kisu.
Wiki ya tatu goti likavimba. Goti likapona,
kikavimba kifundo cha mguu. Kisha kiwiko.
Maumivu yalihamahama kama mpangaji asiyelipa kodi.
Baba yake akasema: baridi ya Makete.
Sote huisingizia baridi ya Makete.

Alipoletwa kwetu, ngazi tatu za wodi zilimshinda.
Daktari alisikiliza kifua, akanyamaza,
akanipa na mimi, mtu wa sahani, nisikie:
mlango wa moyo haufungi,
unavuja, fyuu, fyuu,
kama bati lililoachia msumari usiku wa upepo.
Nilipima koo lake. Sahani haikuota kitu.
Mwizi alikuwa ameshaondoka.

Jana mama yake kamleta mdogo mtu, Obadia.
Safari hii hakungoja siku nne.
"Koo," alisema, basi, akamfungua mdomo kwa kidole gumba.
Mafindofindo mekundu, madoa meupe ya usaha,
wala mafua hana, wala kikohozi.
Nikasugua pamba upande huu, upande ule;
Obadia akanipiga teke la goti.
Nikachora mistari juu ya damu ya Bibi Harusi,
nikaweka kidonge cha karatasi chenye basitrasini,
nikaifungia mtungini pamoja na mshumaa.
Mshumaa ukala hewa, ukazimika wenyewe.
Ndivyo apendavyo: hewa iliyokwisha kupumuliwa.

Leo naiinua sahani dirishani.
Vitone kama punje za chumvi,
na kila kimoja kimejizungushia duara safi,
damu imeliwa yote, mwanga unapita,
nauona ukungu wa Kitulo katikati ya duara.
Kando ya kidonge cha karatasi hakuna aliyethubutu kuota.
Ndiye.

Naandika jina lake refu daftarini.
Mama hataki jina. "Anauawa?"
"Kwa penisilini. Mpaka leo hajajifunza kuishinda."
Sindano moja, na Obadia anaipigia kelele
mpaka Luvanda anaziba masikio.

Dada yake yuko benchini, anangoja ya kwake,
ya kila baada ya wiki nne. Ya kumi na saba;
anazihesabu kwa mafundo kwenye uzi wa sweta.
Yeye hapigi kelele.
Anauliza kama anaweza kumwona kondoo.

Tunakwenda polepole. Anasimama mara mbili, apumue.
Bandani anamlisha maganda ya njegere.
"Anaumia mkimtoa damu?"
"Kidogo."
"Basi kama mimi," anasema,
na kumwongezea ganda jingine.