Kafili Wangu

Mezani kwa karani, pale Al-Khuwair,
niliulizwa: kafili wako nani?
Nikageuka, nikamwonyesha kwa kidevu
yule wa kiti cha tatu, abaya imeshika vumbi la maegesho,
anahesabu vivuli vya vyeti:
nakala nne, picha sita, mandhari nyeupe.
"Yule pale. Mke wangu."
Karani akaiweka kalamu chini.

Miaka kumi na moja kafili wangu alikuwa kampuni ya viyoyozi,
mtu nisiyewahi kumwona uso,
mhuri tu, na saini iliyopinda kama mkia wa mjusi.
Sasa kafili wangu ananiuliza kama nimekula.

Kwetu Tanga husema: waja leo, waondoka leo.
Hapa waja leo, waambiwa Jumapili.
Jumapili mtandao umelala.
Jumatatu mhuri wa Dar umefifia, hausomeki,
cheti kikarudi Dar kwa ndege, peke yake,
kimelipiwa nauli kunishinda mimi.

Mfasiri wa Ruwi alikuwa kijana mwenye haraka.
Che hana: Chande akaniandika Shandi.
Pe hana: Pongwe, penye chokaa hadi kwenye kope za watu,
akaiandika Bonkwe.
"Karibu sawa," akasema. "Riali tano."
Nikatoka na ndoa ya mtu mwingine mkononi.
Zuweina aliisoma ndani ya gari,
akacheka mpaka wanja ukamchuruzika,
halafu akaacha kucheka.
"Huyu simjui," akasema.
"Mimi sikuolewa na huyu."

Kaka yake, Harith, alikuja kutoka Ibra kutoa ushahidi,
uso umefungwa kama duka saa nane mchana.
Unawafahamu hawa?
"Namfahamu dada yangu."
Ushahidi nusu.
Karani akauandika mzima. Mungu amlipe.

Kwenye kipimo cha kifua nikavuliwa shati,
nikabandikwa kwenye bamba la baridi kama tangazo.
"Vuta pumzi," akasema yule mama wa Kifilipino,
kwa Kiarabu kibovu kama changu. "Shikilia."
Nikashikilia.
Simu yake ikalia, akageuka.
Nadhani nilishikilia tangu Rajabu
hadi Mfunguo Tatu.

Usiku tulifanya mazoezi ya maswali
ambayo hakuna aliyetuuliza.
Mswaki wangu rangi gani?
Mwaka mzima nalala kando yake, sijui.
Akanuna siku mbili.
Nilikwenda kuutazama kwa siri, kama mwizi:
zambarau.
Tangu siku hiyo siwezi kuiona zambarau
nisihisi kwamba nimeitwa mbele ya hakimu.

Kadi ilifika Alhamisi, kwenye bahasha isiyo na sherehe.
Shandi. Bonkwe. Miaka miwili.
Nilijitazama pichani: mtu aliyekatazwa kutabasamu
akatii kupita kiasi.
Zuweina akaiweka juu ya friji iliyo koridoni,
akatoa pakiti ya laban, akalinganisha tarehe.
"Laban mwisho wake Jumanne," akasema.
"Wewe bado upo upo."

Kisha akaingia jikoni. Papa alikuwa anachemka,
na nazi ilikuwa bado haijakunwa.
Bibi yake alikuja nchi hii na sahani moja ya maua
na Kiswahili cha Wete kisichopungua herufi,
akamrithisha vyote viwili; sahani ilivunjika.
Akaniita.
Kwa che kamili, ya ulimi na meno,
akaniita kama mtu anayenidai kazi:
"Chande!"
Na kifua changu, kilichokuwa kimeshikilia,
kikakohoa.