Mate ya Ndahani

Walikuja Jumanne, tukiwa tunapogoa.
Gari jeupe, vumbi jekundu hadi kwenye vioo,
na sanduku la barafu kama la muuza aiskrimu.
Binti mmoja, mpole, akanivulia kofia:
"Mama, tunaomba mate ya mwanao.
Kijiko tu. Haiumi."

Mate.
Mwanangu ana miaka kumi na mmoja.
Mwezi wa pili alimvunja mwenzake jino
kwa ajili ya penseli,
na mwalimu mkuu, bila kuinua uso kutoka kwenye daftari,
akasema: mtoto wa nyoka ni nyoka.

Nikaenda nyumbani kutafuta methali ya kumjibu.
Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.
Nikaigeuza kinywani, nikakuta nayo ina meno:
basi kosa ni langu.

Nyoka aliyetajwa ni baba yangu.
Mpunguzi nzima inamkumbuka Malogo,
ngumi iliyotangulia salamu,
mlango wetu uliofungwa kwa kamba baada ya komeo kung'oka.
Ila hawajui, au wamechoka kujua,
kwamba bibi alimbeba tumboni mwaka wa njaa
akichemsha mizizi mara tatu ili ipungue uchungu,
na kwamba kamba ya kufungia ndama ilimfunza baba
kabla hajalijua jina lake.
Nionyesheni, enyi wenye darubini,
damu iliishia wapi,
kamba ikaanzia wapi.

Mimi ninachokijua ni zabibu.
Mwaka ule nilikata vijiti thelathini
kwenye mzabibu mmoja, ule wa karibu na kisima.
Nusu nikapanda hapa, kwenye mchanga.
Nusu akachukua dada yangu Sechelela, Hombolo,
kwenye udongo wake wenye chumvi.
Si ndugu, si pacha. Mti ni uleule.
Ya kwangu inazaa tamu, ngozi nyembamba.
Ya dada inazaa kidogo, tena chachu, ukila unafumba jicho moja.
Lakini haijazaa papai.
Nalisema hili nisije nikajidanganya:
hakuna samadi iliyowahi kuufanya mzabibu uzae papai.

Maana hata mimi nina mikono.
Kuna usiku uji ulimwagika
nikaona kiganja changu kiko juu, hewani,
na kivuli chake ukutani kilikuwa cha Malogo.
Kilishuka.
Nani alikishusha?
Huyo naye yumo kwenye mate?

Fomu ilikuwa na kurasa saba na mahali pa dole gumba.
Nikauliza, chupa itakaa wapi?
Kwenye friji, mbali, pasipokatika umeme.
Mpaka lini? Akamtazama mwenzake.
Na mkiikuta hiyo hasira humo, imeandikwa,
atakayesomewa kwanza ni yeye au ni mwalimu?
Siku ameenda kuposa,
siku kuku wa jirani hawaonekani,
ufunguo wa friji utakuwa kwa nani?

Hakunidanganya. Alisema, "Sijui, mama."
Nikampenda kwa hilo.
Akasema pia kwamba huenda wakajua mapema
mtoto gani anahitaji kushikwa kwa upole zaidi,
na neno hilo sijaweza kulitupa.
Linanifuata hadi kisimani.

Ndahani alikuwa amesimama nyuma yangu na mkasi.
"Wanataka mate yangu?" Akacheka,
akatema chini, pwaa, kama shujaa,
na vumbi likayanywa bila kuuliza ya nani.

Nikamwambia binti: rudi
akiweza kuzisoma mwenyewe kurasa saba.
Sijui kama nilimlinda
au nilimnyima.

Gari likapotea kwenye alizeti.
Nikamshikisha mwanangu tawi.
Hesabu macho mawili, nikamwambia, kata juu ya la pili,
mkasi uulaze, usiuponde.
Akaponda.
Mkono wangu ukawasha.
"Tawi lingine," nikasema.