Mkate Wangu Nje ya Mlango

Saa sita na nusu natoka nje kula.
Ndivyo tulivyopatana tangu wiki ya kwanza:
nyama isivuke kizingiti cha Hansaben.
Basi nakaa kwenye ngazi ya nyuma, Wellingborough,
mwezi wa pili, pua inachuruzika,
mkate na nyama ya ng'ombe ndani ya karatasi ya fedha,
na paka wa jirani amenikodolea macho
kama ofisa wa forodha.

Naye yuko dirishani, kwenye kiti chake cha magurudumu,
ananitazama ninavyotafuna.
Miaka themanini na mmoja. Hajaonja hata yai.
Kiswahili chake ni cha Morogoro, cha duka la kanga na misumari,
kimeshika kutu kidogo
lakini bado kinafungua milango.

"Nyama ina uzito," aliniambia siku moja nikimkanda miguu.
"Si ule wa mizani. Mnyama akiona kisu anaogopa,
hofu ile inaingia kwenye damu, damu kwenye mnofu,
mnofu kwako. Halafu unakaa kusali
na akili inatapatapa, wala hujui kwa nini.
Moyo una giza lake, una moto wake, una nuru yake.
Chakula ndicho kinachochagua kipi kikue."
Nikanyamaza. Nimekulia Korogwe,
kwetu Idi bila mbuzi ni Jumatatu tu.

Jumapili huja mpwa wake, Bhavesh, na mkewe Sharmistha,
Mbengali, mjukuu wa kuhani.
"Bibi yangu alisali alfajiri hadi magoti yakaota sugu,
na mchana alikula samaki, hadi kichwa.
Kwetu mbuzi huchinjwa mbele ya Mama Kali
na nyama yake ikagawiwa kama baraka.
Ina maana sisi sote hatufiki?"
"Mtafika," Hansaben akasema, "kwa basi la mwisho."
Wakacheka. Yeye hakucheka.

Ilikuwa Alhamisi, theluji imechanganyika na mvua,
alipogonga kioo kwa pete yake.
Ingia, akasema. Na mkate wako.
Nikabaki mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Marehemu Jamnadas alikula mishkaki.
Kila Ijumaa, nyuma ya stesheni, kwa siri,
akarudi ametafuna karafuu hadi ulimi umekufa ganzi.
Nilijua. Moshi wa mkaa haufichwi na karafuu.
Mtu yule hakumpunja mteja hata uzi.
Alipokufa, chumba hicho hapo,
alitaja jina la Mungu kama mtu anayeitikia hodi,
akaenda. Hivyo tu. Mwepesi.

Mimi je? Dengu na maziwa, maisha yangu yote.
Na dada yangu Ramila, kwa ajili ya bangili sita za mama,
nimemsema kwa majirani, nimemsema hekaluni,
mbele ya sanamu, taa mkononi, nimemsema moyoni.
Ninyi Waswahili, msengenyaji mnamwitaje?"

Jibu nililijua. Sikutaka kulitoa.
"Tunasema anakula nyama ya nduguye."
"Mbichi?"
"Ya maiti, Mama."
Akatazama mikono yake.
"Miaka arobaini na minne," akasema. "Hata chumvi sikutia."

Kisha upesi, kama anayefunga duka:
"Usidhani nimekuhalalishia. Huyo ng'ombe wako
naye alikuwa na mama."
Akanielekeza kwenye sahani ya bati, mwisho wa meza,
akaniambia nifungue dirisha, harufu itoke.
Baridi ikaingia, tukakaa nayo watu watatu.

Akanipa simu nimpigie namba ya Bolton,
imeandikwa kwa penseli nyuma ya kalenda ya zamani.
Iliita. Iliita mpaka ikachoka.
"Amekata?"
"Hajapokea."
Nilikuwa na nusu ya mkate mkononi.
Akautazama, akanitazama mimi.
"Jaribu tena," akasema,
"ukimaliza kutafuna."